Vifundo Vinne vya Mlangoni

Jumatatu, 3 Machi

Nimedhalilishwa! Tena mbele za watu!

Chama cha Watambuzi wa Magari ya Kale tulikutana jioni, ghorofani kwenye maktaba. Kazi yetu ni moja: mtu analeta picha iliyofifia, wengine tunataja ni gari gani. Gari la picha ya katibu nililitambua kwa kuangalia madigadi tu. Nikalitaja kwa sauti. Daktari wa Meno, mwenyekiti wetu, akaigeuza picha taratibu. Nyuma pameandikwa jina la gari jingine kabisa. Wakacheka mpaka mtunza maktaba akapanda kuwanyamazisha. Mimi, Mwalimu Klachi, niliyewafundisha nusu ya mji huu kuendesha! Na yeye anajua nini? Magego.

Jumamosi tunachagua picha ya mwaka. Lazima nimzime.

Jumanne, 4 Machi

Bahati imenifuata nyumbani. Binamu yake mama mkwe alikuwa anasafisha stoo, akakuta picha, akaituma. Mwanamke kijana ameketi nyuma ya usukani wa gari la wazi, kidevu juu, mdomo umefifia kama aliyetikisika. Ni mama mzazi wa mama mkwe. Mama mkwe, anayeishi nasi, hamkumbuki hata kidogo. Alifiwa akiwa bado anatambaa. Hajaiachia picha tangu asubuhi. Akanishika mkono: "Mwanangu, wewe ndiye unayejua magari. Niambie hili lilikuwa la nani, na mama alikuwa anakwenda wapi."

Nimemwahidi yote mawili.

Mke wangu anasema tumsubiri mama mkubwa, dada yake mama mkwe, anayekuja Jumamosi. Wakati ule yeye alikuwa ameshapata akili, huenda anakumbuka kitu. Mama mkubwa! Mtu ambaye kila chenye magurudumu anakiita motokaa! Nikamweleza mke wangu kwamba huu ni utaalamu. Akauliza kama ni utaalamu ule wa jana. Nani kamwambia?

Jumatano, 5 Machi

Nimeikagua picha kwa lenzi. Gari la ajabu! Mlango hauna bawaba. Taa moja kubwa, nyingine ndogo. Magurudumu hayatupi kivuli. Na juu ya mlango pana vifundo vinne vidogo, vimejipanga mstari, ambavyo sijapata kuviona kwenye gari lolote duniani. Pambo la fundi stadi, hakuna ubishi.

Vitabu vyangu havina kitu. Kitabu kinene kuliko vyote kipo kwa Daktari wa Meno, kwenye chumba cha kungojea wagonjwa. Nikajifunga kitambaa shavuni, nikaenda kugumia pale. Nikafika penye ukurasa mtamu: ndugu wawili wahunzi waliunda magari machache kwa mikono, wakagombana, wakafunga karakana. Picha ya gari lao haijawahi kupatikana. Haijawahi kupatikana! Nani basi atanibishia?

Mara nikaitwa ndani. Nikasema jino limepona ghafla. Akasema atupie jicho tu. Akatupia. Akakuta tundu ambalo hata mimi mwenye kinywa sikulijua. Aliling'oa gego langu huku anapiga mluzi. Mluzi!

Alhamisi, 6 Machi

Nimemwambia mama mkwe, kwa mdomo uliovimba, kwamba mama yake aliendesha Gari la Ndugu Wawili. Nikaongeza kwamba huenda alikuwa mwanamke wa kwanza kulishika usukani. Ni kweli niliongeza. Akalia kwa furaha, akaenda kumsimulia jirani yetu fundi cherehani. Kufikia jioni fundi cherehani ananiuliza kama bibi yule alishinda mbio ngapi. Mbio sikuzisema mimi. Ila sikuzikanusha.

Mke wangu amekasirika. Anasema nikikosea, atakayeumia ni mama yake, si chama. Nikikosea! Haya ndiyo maneno ya kumwambia mtu aliyepoteza jino kwa ajili ya familia?

Jumamosi, 8 Machi

Ninaandika kalamu ikitoboa karatasi. Ni hasira.

Ukumbi ulijaa. Mama mkwe alikaa mbele, kapendeza. Mke wangu kando, kakunja mikono. Nikaeleza taa, mlango, vifundo. Nikatangaza. Daktari wa Meno akasimama kusema huo ni upuuzi mtupu, hili ni lori dogo la posta lililokatwa paa. Lori! Nikamwambia arudi kwenye magego. Akaniuliza hali ya langu. Nikagonga meza. Nikamtaka ataje, mbele ya wote, ni lori gani la posta lenye vifundo vinne mlangoni.

"Hivyo ni vidole vyangu," ikasema sauti huko nyuma.

Mama mkubwa! Begi mkononi, katoka stendi moja kwa moja. Akaja mbele, akaigusa picha. Akasema hiyo si motokaa, ni ubao uliochorwa wa mpiga picha wa sokoni. Watu walikuwa wanakaa nyuma yake wanapigwa picha. Siku hiyo kulikuwa na upepo, naye akaambiwa achuchumae aushike usianguke.

"Nikapiga chafya," akasema. "Ubao ukayumba. Mama akashindwa kujizuia, akacheka. Ndiyo maana mdomo umefifia."

Mama mkwe akauliza, kwa sauti ndogo mno, mama alikuwa anachekaje.

"Kama wewe. Anaanza na mabega."

Mama mkwe akaanza kucheka, mabega kwanza, machozi yakimtiririka. "Kumbe hakuwa anakwenda popote," akasema. "Alikuwa hapo hapo na wewe." Dada yake akamkumbatia. Mke wangu analia. Daktari wa Meno anafuta miwani, mnafiki yule! Wakaichagua iwe picha ya mwaka, kwa makofi. Makofi ya nani? Ya mama mkubwa na chafya yake! Nani alileta picha? Nani aliviona vidole kwanza? Hakuna aliyeuliza.

Jumapili, 9 Machi

Nimelala, nimeamka, nimetafakari. Sikukosea. Huyo mchoraji alichora huku anatazama nini? Gari la Ndugu Wawili, bila shaka! Nimemtumia mwenyekiti ujumbe kudai arekebishe kumbukumbu za chama. Hajajibu. Aibu inamtafuna.

Mama mkubwa amenihurumia, akatoa picha nyingine begini. Siku ya harusi yake: yeye na marehemu mumewe ndani ya ndege, kwa mpiga picha yule yule wa sokoni. Alitaka kunieleza jambo, anajizuia kucheka. Nikamkatiza. Sitaki kuharibiwa uchunguzi.

Ndege ya maajabu! Mabawa mafupi kama makasia. Injini haionekani. Wingu limegusa tairi, maana yake walikuwa wanaruka chini mno, wenyewe wawili, bila rubani. Wanatabasamu, na hata mkanda hawakufunga. Watu jasiri sana hawa.