Shakwe Mwenye Pete

Jumatatu, 11 Februari 1974

Mgongo umekwisha. Mhina, balozi wetu wa nyumba kumi, kanipa tena ngwe yenye visiki kwenye shamba la ujamaa. Balozi halimi. Balozi anahesabu wanaolima. Jumapili tunachagua upya, na safari hii lazima niwe mimi.

Jioni naosha jembe lamboni, namwona ndege mkubwa mweupe, mabawa meusi, miguu ya njano. Mke wangu Mwaija, aliyelelewa na shangazi yake Pangani, kasema ni shakwe, ndege wa baharini, kapotea njia. Mguuni ana pete ya bati. Nikachangamka. Sisi kuku tunamfunga kitambaa mguuni ajulikane ni wa nani. Huyu wa bati basi ni wa mkubwa.

Jumanne, 12

Nimewahi kwa Katibu wa kijiji. Nikamkumbusha desturi: mnyama wa watu akionekana, aliyemwona anamlinda na kumlisha mpaka mwenyewe atokee, na shambani haendi. Mwaka jana Hiza alilinda mbuzi, wakanenepa wote wawili. Katibu kakubali, Mhina anasikia. Raha.

Nikamtupia shakwe ugali. Akautazama, akanitazama. Mwaija kasema huyo anakula samaki. Nikaingia matopeni.

Jumatano, 13

Hashibi! Tangu alfajiri nasaka perege kwa tenga. Wenzangu wamemaliza ngwe mapema, wakaja ukingoni kunitazama. Mhina kaniuliza kwa upole kama ningependa kwenda kupumzika shambani. Nikamjibu uongozi ni mzigo. Mwaija kacheka mpaka kakaa chini. Lakini perege wawili tumekula sisi, na kicheko chake nakipenda. Siku haikuwa mbaya.

Ijumaa, 15

Mwalimu Hosiana alitaka kuisoma pete. Nikamvuta shakwe kwa samaki, Mwaija akamrushia kanga. Shakwe kaniuma pua. Pete ina namba na jina la makumbusho fulani ya Ulaya. Mwalimu kanakili, kamwachia, kaandika barua ya kuwaarifu. Anasema wanataka tu kujua ndege amefika wapi, hakuna atakayekuja kumchukua. Nikaitikia, ni mwalimu. Lakini nani anamtia alama mnyama asiyemtaka arudi?

Jumamosi, 16

Nimepeleka barua posta Korogwe. Ulinzi nikamwachia Mhina makusudi, ili kura zimkute na matope mwilini.

Nimerudi jioni, Mhina msafi. Hakumlisha hata dagaa. Shakwe kaondoka zake, kashika njia ya mashariki. Nimelala nikitabasamu. Balozi kapoteza ndege wa watu!

Jumapili, 17

Nilisimama mbele ya nyumba kumi nikamshtaki. Nikasema desturi ni desturi, anayepoteza mnyama aliyekabidhiwa hulipa. Wote wakaniunga mkono. Ndipo Mzee Hiza akauliza Katibu alimkabidhi nani. Katibu akasema Kibwana. Kibwana ni mimi.

Nitalipa kwa jembe, ngwe mbili kila siku mpaka masika. Mhina kapita tena. Hata Mwaija alimnyooshea mkono. Nilipomuuliza, akasema nikiwa balozi nitashinda nyumbani kutwa, naye atachoka nami.

Jumatatu, 18

Ngwe mbili, visiki tele. Mchana Mwaija kaleta uji shambani, kanikanda mabega, kasema pua imeanza kurudi mahali pake. Namshukuru Mungu kwa mke huyu, kura yake nimeisamehe.

Nikiwa nalima nimejichunguza kwa makini, nikaona kosa langu lilipokuwa. Jioni nimekata ukanda wa bati kwenye kopo la samli, nikachora namba kwa msumari. Mwaija kauliza ni la nini. Nikamwambia mambo ya uongozi. Kisha nimenasa kunguru nyuma ya jiko, nikamvika. Pua imevimba upya.

Kesho alfajiri nitamwona, nikatoe taarifa kwa Katibu. Kunguru anakula ugali.