Kutozwa Bima ya Mkorofi Wakati Mimi Ni Mtu wa Aibu

Kwa Mzee Meneja,
Ofisi ya Bima, chini kabisa, mlango wa kioo ulioandikwa VUTA lakini unasukumwa.

Mzee wangu, shikamoo.

Ukifika hapo tafadhali itikia kwanza, hata kimoyomoyo, ndipo uendelee kusoma. Salamu isiyoitikiwa inanikaa kooni kama mwiba wa samaki, nashindwa kusema neno la pili.

Hunijui. Mimi ni yule kijana aliyekuja wiki iliyopita akakaa ndani ya ofisi yenu na helmeti kichwani. Askari wenu wa mlangoni alidhani nimekuja kuiba. Sikuja kuiba, nilikuja kulipa. Helmeti niliivaa kwa ajili ya aibu, maana watu wengi wakiniangalia kwa pamoja masikio yananiwaka moto na maneno yote yanakimbilia tumboni. Ndiyo maana leo naandika. Shule sikufika mbali, lakini karatasi ni mstaarabu, haimkodolei mtu macho.

Shida yangu ni hii. Mjomba wangu kanipa pikipiki yake baada ya mgongo wake kuikataa. Mama Mikate, mwenye tanuri mtaani kwetu, anatafuta mtu wa kupeleka mikate madukani asubuhi, na kanitaka mimi. Kasema, "Wewe huna maneno mengi, mikate yangu itafika ikiwa bado ya moto." Lakini kaweka sharti: "Stika kwanza, mikate baadaye." Mwisho Jumatatu. Jumatatu ikinikuta sina stika ya bima, kazi anapewa Plasta. Na mjomba kasema pikipiki nayo itamfuata Plasta huko huko, maana haikutengenezwa iwe kabati. Plasta nitamweleza mbele.

Basi nikaja kwenu. Bei niliyotajiwa sitaiandika hapa, maana barua hii nitamsomea bibi yangu na yeye ana presha. Niseme tu kwamba kwa bei ile, pikipiki ndiyo ingekuwa inaninunua mimi.

Malalamiko nimeyapanga kwa namba usije ukapotea.

1. Kuitwa hatari mbele za watu.

Dada wa kaunta aliniuliza umri. Nikamwambia. Akasema, "Sikusikii kaka, paza sauti." Nikarudia. Akasema, "Basi toa hiyo helmeti." Nikatoa. Nikautaja umri wangu mbele ya benchi zima, hata mama mmoja aliyekuwa ananyonyesha akaniangalia kwa huruma, na mtoto wake akaacha kunyonya akaniangalia pia. Dada akagongagonga kompyuta yake, akasema, "Kijana, na ndiyo mara ya kwanza kuendesha. Hapa inasema hatari kubwa."

Mimi, mzee? Mimi nikikuta paka kalala kwenye kiti nakaa chini. Jogoo wa jirani akinikimbiza nakimbia kweli. Nikiuziwa soda iliyokwisha gesi nakunywa yote na kusema asante. Hiyo kompyuta imeniona wapi?

Na kwa kuwa mmeanza nyinyi habari za hatari, mimi ni mtu wa kuangalia, kwa sababu sisemi. Kizimamoto chenu kimetundikwa koti. Waya wa birika la chai umepita chini ya zulia, hapo hapo watu wanapokung'utia miavuli. Kalamu ya kaunta mmeifunga kamba isiibiwe, lakini dirisha la nyuma halina komeo, limezuiwa na faili. Niliyaona yote na sikumwita mtu hatari kubwa. Nilinyamaza kwa adabu.

2. Uzoefu.

Dada aliniambia, tena kwa upole, kwamba bei itashuka nikishaendesha miaka kadhaa bila ajali. Nikajikaza nikauliza kama naweza kuendesha bila bima ili nipate hiyo miaka. Akasema hapana, nitakamatwa. Kwa hiyo nisiendeshe mpaka nipate bima, na bima ya bei ya watu nisiipate mpaka niwe nimeendesha. Ni sawa na kumwambia mtoto asile mpaka aote meno, na meno hayatoki mpaka ale.

Mimi si mtu wa kubishana. Nikarudi nyumbani kutafuta uzoefu. Pikipiki inakaa sebuleni, katikati ya kochi na televisheni, imesimama kwa stendi yake kubwa. Kila jioni napanda juu, helmeti kichwani, injini imezimwa, naendesha. Bibi yangu, ambaye ndiye aliyenilea, anapanda nyuma na mkoba wake, ananishika kiuno. "Mjukuu wangu, punguza, kuna kona." Napunguza. "Mpishe huyo mwenye baiskeli, haoni vizuri." Nampisha. "Haya, kata kulia hapo kwa fundi saa." Nakata. Tumefika mbali sana, mzee. Juzi alitaka tupite kwa dada yake, na dada yake ni marehemu. Nikamwambia, "Bibi, huko bado, tugeuzie hapa hapa."

Tangu tuanze safari hizi hatujaanguka, hatujagonga mtu, wala hatujasimamishwa na askari. Naomba zihesabiwe zote. Shahidi ni Bibi. Kuhusu pazia lililochanika, lile lilikuwa na tundu tangu zamani.

3. Plasta.

Huyu ni jirani yetu, mtu mzima, mvi zinamchungulia. Jina kapewa kwa sababu hajawahi kuonekana mwili mzima bila plasta mahali. Kaingia mtaro wa shule, kaingia mtaro wa soko, na mwaka jana kaingia kwa kinyozi, na pikipiki yake, akakuta watu wananyolewa. Mmoja alitoka na njia mpya kichwani. Plasta akipita, akina mama wanaita watoto ndani. Lakini alinionyesha stika yake akacheka mpaka bandeji ikaachia. "Dogo, mimi nalipa nusu yako. Huo ndio unaitwa uzoefu."

Ajali zake hawaletei nyinyi, anamalizana na watu huko huko kwa pole na maneno matamu. Sikutaka kumsema. Tafadhali msimwambie.

Ila nimefikiri sana. Kama uzoefu ni kuanguka mara nyingi na kuinuka, basi mnampunguzia bei aliyezoea kuanguka, na mimi ambaye hata sijaanza mnaniongezea kana kwamba kuna ajali nimewaficha.

4. Aibu.

Hapa ndipo penye kiini. Kompyuta iliuliza umri, ikauliza leseni, ikauliza hata rangi ya pikipiki. Haikuuliza kama nina aibu. Na mwenye aibu, mzee wangu, hawezi kuendesha ovyo. Honi siwezi kupiga, naona kama namfokea mtu. Kumpita mkubwa bila kumsalimia ndiyo siwezi kabisa. Bibi kanifunza kwamba mkubwa anasalimiwa mtu umesimama, umeinama kidogo, mikono yote miwili mitupu mbele yako, maana mkono wenye shughuli nyingine ni dharau. Sasa nikuulize: mtu anayesimama kwa kila mkubwa atautoa wapi mwendo wa kumgonga mtu? Hata siku ya mtihani wa leseni nilisimama katikati ya majaribio nikamsalimia mzee aliyekuwa anavuka. Mkaguzi aliniandikia kwamba nina tahadhari iliyozidi. Nyinyi mngependa ipungue?

5. Bango.

Juu ya benchi lenu la kwanza kuna bango la kijana kwenye pikipiki, anacheka, helmeti kaining'iniza mkononi kama kikapu, na nyuma kabeba msichana naye anacheka. Kijana yule ni mdogo kuliko mimi. Chini pameandikwa TUKO NAWE KILA KONA. Je, yule mlimtoza bei gani? Na kwa nini yeye mko naye kila kona, mimi mnaniacha sebuleni?

6. Mtu wa tatu.

Dada alinishauri nichukue ile bima ndogo, ndiyo nafuu, akaeleza kwamba inamlipa mtu wa tatu. Wa kwanza mimi, wa pili kampuni, wa tatu ni yule nitakayemgonga. Nilipomweleza Bibi alishuka kwenye pikipiki kwa hasira, na tulikuwa tuko njiani. "Mtu wa tatu ndiye nani? Ina maana umeshampanga?" Akasema kumlipia mtu kabla hajagongwa ni mkosi, ni kama kumchimbia jirani kaburi kwa sababu anakohoa. Na mimi naona ana haki. Nimeangalia mtaa mzima, huyo mtu simuoni. Kwa hiyo kwenye bei yangu naomba mtu wa tatu atolewe, maana hayupo.

Maombi yangu sasa.

Kompyuta iongezwe swali la aibu, na mwenye aibu apunguziwe bei. Kumpima ni kazi ndogo, mwambieni aimbe pale kaunta. Mkiona katafuta mlango, huyo ni salama. Pili, kila kijana anayekuja kukata bima aje na bibi yake, na bibi akisema mtoto huyu ni mtulivu, neno la bibi liwe juu ya kompyuta. Tatu, na hili nalisema nikiwa nimeinamisha macho: kama mkorofi analipa kwa sababu analeta hatari, basi mtu kama mimi, ninayeleta usalama, nyinyi ndio mngepaswa kunilipa mimi. Kila mwaka. Na ningekuja kupokea nyuma ya jengo ili watu wasinione.

Lakini kudai naona haya. Nipeni tu stika kabla ya Jumatatu kwa bei ile ile ya Plasta, mengine tusameheane.

Mzee wangu, nimalize na neno ambalo Bibi hakunituma. Miguu yake haimchukui tena mpaka barabarani. Jana, baada ya mimi kuzima taa za pikipiki, hakushuka haraka kama siku zote. Aliniambia, "Mjukuu wangu, kwa fundi saa tumefika sana. Lakini mimi nataka nifike kweli, nimkute na saa zake." Nikamwahidi. Sasa Plasta akichukua pikipiki, nitampeleka kwa kitu gani? Kwa kochi?

Nisalimie dada wa kaunta, mwambie sikukasirika. Nisalimie askari wa mlangoni. Msalimie mama aliyekuwa ananyonyesha, akirudi, na mtoto wake. Msalimie mkeo na wote nyumbani kwako. Bibi anakusalimu, mjomba anakusalimu, Mama Mikate anasema ukipita mtaani usipite bila kuonja. Hata yule kijana wa kwenye bango nisalimie, mwambie avae helmeti.

Ni mimi, niliye chini ya umri mnaoutaka na juu ya pikipiki isiyotembea,
Kijana wa Helmeti.

N.B. Nilitaka kuituma barua hii, lakini nikaona niilete mwenyewe, na pikipiki nayo, muione ilivyo safi. Sikuiendesha, sheria naijua. Nimeisukuma kwa mkono kutoka nyumbani, injini imezimwa, helmeti kichwani. Tumekuja salama mpaka kona ya jengo lenu, pale njia inapoteremka kuelekea magari yanapoegeshwa. Hapo akatokea mzee mmoja, suti ya kahawia, kikombe cha chai mkononi, anaelekea kwenye gari jeupe. Mtu mzima kabisa. Nikasimama. Nikainama kidogo. Nikatoa mikono yote miwili, mitupu, mbele yangu.

Pikipiki haikulelewa na Bibi.

Ilimpita mzee bila salamu, ikateremka yenyewe taratibu, ikaingia kwenye taa ya nyuma ya lile gari jeupe. Mzee akageuka kuangalia gari kabla hajaniitikia. Akauliza, "Nani mwenye hii?" Nikasema ni mimi, lakini kwa sauti yangu ile. Askari wenu akamjibu, "Labda imekuja yenyewe, Meneja." Hapo ndipo nilipokujua.

Naandika maneno haya hapa mapokezi, kwa kalamu yenu ya kamba, ndiyo maana mistari inavutwa upande. Uzoefu naona nimeshaupata. Mtu wa tatu naye nimempata, Bibi nitamweleza kwamba ni wewe. Na kwa kuwa ilikuwa kona, kama bango lenu linasema kweli basi mlikuwa nami. Naomba tu kuuliza: ile bima ndogo inaweza kuanza jana?

Nimekaa benchi la kwanza, chini ya bango. Helmeti nimeivaa, hutapata taabu kunijua. Lakini kabla hatujafika kwenye habari za taa, mzee wangu, ile salamu ya pale kwenye kona bado hujaitikia.

Shikamoo.