Uingereza ya Kianyaga

Jumatatu, 7 Julai

Leo nimeanza masomo ya chuo kikuu Uingereza. Niko Kianyaga, hapahapa Kenya, kwa tata Watiri, dada mdogo wa mama, katika chumba anachowekea mbolea.

Nijieleze, maana hata mimi nikisoma haya mwakani sitaamini. Chuo kilinikubali mwezi wa Mei. Nilitangaza siku hiyohiyo. Skuta nzima, mtaa wetu kule Nyeri, ikaniaga: hema, mbuzi, mchungaji, hotuba mpaka giza likaingia. Mama alilia akanifunika shuka begani mbele ya watu wote. Kumbe barua ya chuo ilikuwa na ukurasa wa pili! Sikuufikia. Furaha ilinizidi kwenye wa kwanza. Ule wa pili ulisema nisome kwanza kozi ya Kiingereza ya majira ya joto, kwa mtandao, nikiwa kwetu. Nikifaulu nitapewa karatasi za viza. Nikifeli, nafasi yangu anapewa mwingine.

Kiingereza! Mimi! Niliyechapwa shule ya msingi kwa kuongea Kikuyu!

Mbuzi alishaliwa. Ningeanzaje kurudi nyuma? Siku ya safari niliwaambia uwanja wa ndege siku hizi hawataki wasindikizaji. Nikaondoka peke yangu na sanduku, nikashuka Sagana, nikageuza njia nikaja huku. Tata ameapa hatamwambia mama, mradi nimsaidie kuchuma chai asubuhi.

Baridi ya Julai inanisaidia sana. Mama amepiga simu ya video jioni, mimi nikiwa na jaketi, ukungu nyuma yangu. Akashangaa. "Kumbe huko ni baridi kama hapa tu! Vaa soksi mbili, Kingori, na usizoeane na kila mtu." Nilimwahidi yote mawili.

Jumatano, 9 Julai

Msiba! Darasani tuko kumi na wawili. Wachina, Waturuki, Waarabu, binti mmoja wa Vietnam. Na kule pembeni, marobota ya vitambaa nyuma yake, Usman! Usman wa duka la vitambaa Nyeri mjini, niliyegombana naye kwenye mijadala tangu kidato cha kwanza. Tumekubaliwa chuo kimoja. Akaniona. Akauliza mbele ya wote, "Kingori! Si ulienda?"

Nilijifanya mtandao umekwama. Nikakaa mdomo wazi bila kupepesa macho mpaka taya likauma. Mwalimu wetu, Bi Margaret, akasema pole, akaendelea na wengine.

Baadaye nikamwandikia Usman. Nikamuuliza mbona yeye hakuagwa. Akasema baba yake hataki mtu aagwe kabla ya kushika tiketi mkononi. Watu wengine hawapendi sherehe, basi. Nikamwambia akinyamaza, nitamwandikia utangulizi wa kila insha yake. Akajibu kwamba atanyamaza bure, na utangulizi ataandika mwenyewe kwa sababu anataka kufaulu. Kiburi hicho hakikuanza leo.

Jumatatu, 14 Julai

Insha ya kwanza: kwa nini vijana wanaacha kilimo. Nimecheka peke yangu chumbani. Insha ndiyo kazi yangu! Darasa la nane insha yangu ilisomwa mbele ya gwaride la shule. Mwalimu wetu alitukaririsha mianzo, na yote bado ninayo kichwani. Nimeanza na jua kuchomoza na miale yake ya dhahabu. Nikaleta ndege waimbao, umande, upepo mwanana, jogoo. Nikamalizia na wahenga. Nimemsomea tata kwa sauti na ingawa hakuelewa neno, alisema inasikika kama ya askofu.

Bi Margaret atalia machozi. Huenda wakanisamehe kozi iliyobaki.

Ijumaa, 18 Julai

Hakulia. Ameandika, kwa wino wa kijani, kwamba wakulima amekutana nao aya ya tano. Ameuliza ndege wanafanya nini katika hoja yangu. Na pale nilipoandika kwamba wahenga walisema, ameuliza wahenga hawa ni akina nani, na maandishi yao yalichapishwa mwaka gani.

Mwaka gani! Wahenga!

Alama nimepata za kufeli. Nimejua leo kwamba wasilisho la mwisho likiwa hivi, siendi popote. Mama itabidi asimame kanisani kueleza. Usman amepita. Nilimuuliza aliandika nini, akasema aliandika sababu tatu.

Nilikosa hamu ya kula, ingawa baadaye nilimaliza githeri ya tata, mahindi na maharagwe yote, kwa heshima yake.

Jumanne, 22 Julai

Nimepata! Mwanamke huyu anataka wataalamu. Nitampa. Katika mpango wa wasilisho langu nimemtaja Profesa Watiri wa Kianyaga, mtafiti wa mazao ya milimani. Si uongo sana. Tata huchunguza chai yake kila siku.

Bi Margaret amefurahi kupita kiasi. Anaomba profesa ajiunge siku ya wasilisho ajibu swali moja au mawili. Nikamwambia profesa ana shughuli nyingi. Akasema atangoja.

Tata amekubali upesi mno. Anauliza avae nini.

Alhamisi, 31 Julai

Tulikuwa darasani, Usman akieleza jambo fulani kuhusu soko la kahawa, mara nyuma yake akaingia mteja. Mama yangu.

Mama! Amekuja kununua kitambaa cha sare ya akina mama wa kanisa. Nilimwona anashika robota la buluu, analivuta, analinusa kama anavyonusa kila kitu. Amevaa sweta yangu ya shule ya zamani. Hamu ya kuwa naye ilinizidi. Nilikuwa karibu kuita. Kisha akaanza kusogea kwenye ile laptopu, akiuliza Usman anaongea na nani huko.

Nikazama chini ya meza. Nikagonga kichwa, gunia la mbolea likaanguka, kuku akakimbia mbele ya kamera. Bi Margaret akauliza kama niko salama. Nikiwa chini nikasikia Usman akimwambia mama kwa utulivu kwamba ni masomo, kisha akafunga kamera yake.

Ameniokoa. Amefanya hivyo makusudi, ili aonekane mtu mwema.

Jumanne, 12 Agosti

Wasilisho. Niliamka mapema nikakariri mwanzo wangu: miale, umande, ndege, vyote vipya na vizuri kuliko vya kwanza. Mwanzo pekee ungechukua nusu ya muda. Nilijua utamfanya Bi Margaret asahau zile alama.

Tata akaja na kitambaa kichwani, viatu vya Jumapili na Biblia. Nikamtambulisha kama profesa. Akaniambia mbele ya ulimwengu, "Ngoja kwanza tuombe. Huwezi kuanza kitu bila Mungu, ata kama ni ya kompyuta."

Akaomba. Kwa Kikuyu, macho yamefungwa, mkono juu. Aliombea chai, mvua, barabara ya kwenda kiwandani, marehemu mumewe, serikali. Aliombea Wachina mmoja mmoja. Kisha nikamsikia akimwomba Mungu amsamehe Kingori anayejificha nyumbani kwake, akimdanganya mama yake mzazi kwamba yuko ng'ambo. Mturuki mmoja alikuwa ameinamisha kichwa kwa heshima. Wote wakasema amina.

Bi Margaret akauliza kama kuna anayeweza kutafsiri. Usman anajua Kikuyu kuliko mimi. Akafungua maikrofoni. Akasema profesa anamshukuru mwalimu na anaitakia heri kazi yake. Akafunga.

Muda ukawa karibu kuisha! Nilibakiwa na dakika chache tu. Ndege hawakupata nafasi, wala umande. Nikataja tu sababu za vijana kuacha chai, nikasema nani alisema na mwaka gani, nikanyamaza. Nimeona aibu. Nimekaa shambani mpaka jioni bila kuongea na tata, na yeye anauliza kama alivaa vizuri.

Ijumaa, 15 Agosti

NIMEFAULU!

Bi Margaret ameandika kwamba kwa mara ya kwanza nimeingia kwenye hoja moja kwa moja, na niendelee hivyo. Ni wazi hajui alichokikosa. Ningepewa muda wangu wote ningekuwa wa kwanza, na si nyuma ya Usman. Huko chuoni nitaanza na ndege siku ya kwanza.

Karatasi za viza zitachukua mwezi, labda zaidi. Lakini ninaenda! Nilitoka nje nikaruka kwenye matope. Nilitaka kupiga kelele, nikampigia mama kabla sijafikiri. Akapokea, nikasema nimefaulu. Akauliza nimefaulu nini, si nilishaingia? Ni mama yangu, na nilikuwa na habari nzuri kuliko zote maishani, na hakukuwa na namna ya kumpa. Nusura nimwambie ukweli. Neno lilishafika mdomoni.

Nikamwambia nimeteuliwa msaidizi wa mwalimu.

Mama alipiga vigelegele nikasikia Skuta yote ikiitika. Kisha akasema Mungu ni mwema, maana binti wa jirani, Wachuka, yule muuguzi, amepata kazi mji huohuo wangu na anafika tarehe mbili Septemba. Hana mtu anayemjua huko. Akauliza kama nitampokea uwanja wa ndege.

Nilisema ndiyo. Nikasema amtafute kijana mlangoni kabisa, mwenye koti refu la kijivu.

Sina koti la kijivu.