Mrija Usio na Pete

Jumatatu, 3 Machi
Nafasi ya uzamili maabarani ni moja. Tunaoitaka ni wawili: mimi, na dada mpole ninayemwita Pipeti, apimaye tone la maji kana kwamba ni dhahabu. Profesa ametangaza kwamba atakayethibitisha kufikia Ijumaa jinsi protini ya ukarabati inavyoishika pete, ndiye atakayebaki. Pete ni protini inayouzunguka uzi wa DNA na kuishikilia mitambo ya kunakili. Uzi ukiharibika, mafundi, yaani protini za ukarabati, huja kuishika pete hiyohiyo. Mshikamano wa wafanyakazi, bila mnyapara. Ushindi ni wangu.

Jumanne, 4 Machi
Pete hubandikwa kwenye vishanga, fundi humiminwa, kisha tunaosha. Akisalia, ameshika, na kwenye picha ya majibu huonekana kama mstari. Pipeti ana mirija miwili: wa vishanga vyenye pete, na wa vishanga vitupu, wa kulinganishia. Nikamuuliza vitupu vinazalisha nini. Akasema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, tena nisihutubie juu ya mirija iliyo wazi, mate yanaruka.

Nimeufuta mrija wa pili katika mpango wangu. Siku nzima imeokolewa.

Jumatano, 5 Machi
Mstari umetokea kwenye picha! Mweusi, mnene, usio na shaka. Fundi ameshika. Pipeti bado anaosha, mara ya nne; mimi niliosha mara moja, kwa imani. Nimemtumia Mama picha. Amejibu kwamba doa ni zuri, na je, nimekula?

Alhamisi, 6 Machi
Profesa aliutazama mstari, kisha akauliza vishanga vitupu viko wapi. Nikalazimika kuviandaa mbele yake. Jioni, mstari uleule, mnene zaidi. Fundi wangu huganda kwenye vishanga, pete iwepo isiwepo. Profesa akasema kwa upole kwamba, mwanangu, nimegundua gundi.

Ijumaa, 7 Machi
Mrija wa pete wa Pipeti una mstari. Ule mtupu ni mweupe pe. Nafasi amepewa yeye. Akaniambia, kaka, nije Jumatatu anifundishe kuosha. Nikakataa kwa heshima.

Mapambano yanaendelea. Nimeandika waraka wa kurasa tisa kwa Baraza la Chuo, nikidai vishanga vitupu vipigwe marufuku. Pipeti aliusoma wote, akauliza mbona ushahidi ni wa upande mmoja tu.

Nikamjibu kwamba ndiyo maana una nguvu.