Mlimau Wangu Ulionadiwa Jumapili ya Mavuno

Kwa Baba Mchungaji,
Usharikani, Karatu.

Bwana Yesu asifiwe, Baba Mchungaji, ingawa leo namsifu nikiwa nimenuna.

Mimi ni Penina Hhando, wa sauti ya pili kwenye kwaya. Nakuandikia kuhusu mche wa mlimau ulio katika ndoo ya rangi barazani kwako. Ule si sadaka. Ni makazi ya wanangu, viwavi niliowalea tangu wakiwa mayai kwenye jani la bustani yetu. Sasa wamejifunga matawini kwa uzi, wametulia kama majani makavu, na karibu watatoka vipepeo. Siku hiyo nataka wawe kwangu.

1. Nilikuja nao kanisani kwa sababu kuku wa nyumbani siwaamini. Niliweka ndoo kivulini, kando ya maboga na mbaazi za mavuno. Kuweka kitu kando ya maboga si kumtolea Mungu. Ingekuwa hivyo, baiskeli ya Mzee Hilary iliyoegemezwa hapo hapo nayo ingenadiwa.

2. Mzee wa Kanisa Zablon alipoinua ndoo yangu mnadani, niliinua mkono kupinga. Akasema kwenye kipaza sauti, "Binti Hhando ameongeza. Nani anamzidi binti?" Nikainua na wa pili. Akasema nimeongeza tena. Kwa hiyo aliyepandisha bei ya wanangu ni mama yao.

3. Aliyenizidi ni Bwana Eliamani, anayepeleka wageni Ngorongoro wakatazame faru kwa darubini. Wanangu walikuwa chini ya pua yake, hakuwaona. Akakuzawadia wewe ndoo, kama ilivyo desturi ya wenye nazo, na kanisa likapiga vigelegele.

4. Nilipokufuata, ulisema kilichofika madhabahuni hakirudi. Nimelitafakari sana neno hilo. Ikiwa wanangu ni wa kanisa, basi ni watumishi, na watumishi huhamishwa. Wewe mwenyewe ulihamishwa kutoka Endabash. Naomba Baraza la Wazee liwahamishie kwetu kabla ya Jumamosi, siku ambayo Mama Mchungaji amesema ataupogoa mti huo maana umejaa uchafu. Ikishindikana, wabatizwe kwanza. Sitaki wapogolewe wakiwa wapagani. Bwana Eliamani anaweza kuwa msimamizi wao, maana kuinua mkono anajua.

Nisalimie wazee wote, akina mama, vijana, na Bwana Eliamani kidogo.

Ni mimi, mwimbaji wako niliyesimamisha sauti yangu kwa muda,
Penina Hhando

Nyongeza: Nimeleta barua hii nikakuta umekwenda mazishini kule Daa. Mama Mchungaji alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya ndoo, mkasi ameutupa nyasini. Kipepeo wa kwanza alikuwa ametoka, mabawa yamekunjamana kama nguo iliyokamuliwa. Nikaanza kumweleza haki zangu. Akaninong'oneza, "Nyamaza, binti. Anajikausha."

Nikakaa nyasini kando yake. Tulimngoja kipepeo mpaka akaruka. Ndoo ni nyepesi na hakuna aliyenizuia kuichukua, ila naomba ibaki hapo hapo. Kesho asubuhi ninarudi, tuwangoje waliobaki. Kuhusu maharage yaliyoungua jikoni kwenu tukimngoja, usimuulize Mama Mchungaji.