Karatasi Ilisema "Tema"

Bi. Perez Wekulo (Mama Nafula),
Kaloleni,
Nairobi.

Jumapili, 15 Machi 1998

Kwa Meneja,
Kiwanda cha Bia cha Korongo,
Nairobi.

Bwana Meneja, mzazi mwenzangu,

MINTARAFU: BARAKA ILIYOPOKEWA NA MSIMAMIZI WENU, KISHA IKAITWA UTOVU WA ADABU

Ninakusalimu kwa heshima, nikiamini umeamka salama, wewe pamoja na mapipa yako. Mimi ndimi mama yake Nafula Wekulo, yule msichana mrefu mwenye mwanya aliyekuja kwenu Jumanne kutahiniwa kazi ya kuonja bia. Kama humkumbuki, muulize msimamizi wa waonjaji, Bwana Naftaly Ng'ang'a. Yeye hawezi kuwa amemsahau.

Jana tulipokea barua yenu. Inasema Nafula ameondolewa kwa sababu alimtemea msimamizi bia kifuani. Hilo sikatai. Alimtemea. Ninachokataa ni maneno yaliyofuata, "utovu wa adabu." Niliyasoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa nimesimama. Nimeambiwa nafasi ni moja tu na orodha itafungwa tarehe ishirini na tatu, kwa hivyo nimeona nisingoje hasira ipoe.

Kwanza umjue mnayemkataa. Nafula ana miaka ishirini na minne. Tangu amalize kidato cha nne ametembea akitafuta kazi mpaka viatu vya tairi vya Kariokor, vile watu husema haviishi, viliisha. Ulimi aliurithi kwa baba yangu, Mzee Opicho wa Bungoma, ambaye alikuwa akiitwa vijiji vitatu mbali aje aseme kama pombe ya busaa ya harusi iko tayari. Mzee huyo hakuanza kwa kunywa. Aliweka sikio kwenye chungu akasikiliza. Akisema bado inanung'unika, basi harusi ilingoja, bwana harusi atake asitake.

Huyu mtoto akiwa na miaka sita alionja chai akaniambia, mama, maji haya si ya mfereji wetu. Na kweli siku hiyo nilikuwa nimeteka Makongeni. Hata Bwana Wehliye mwenye duka la maziwa hapokei mtungi kabla Nafula hajaonja. Watoto wa majirani ni wazuri pia, sisemi. Lakini wao hunywa tu.

Sasa malalamiko yenyewe.

1. Karatasi yenu ya mtihani ninayo hapa, Nafula aliiacha mezani Jumanne akaenda kwa shangazi yake Dandora kuficha uso. Imeandikwa: "Tazama. Nusa. Onja. Tema." Haikusema ateme wapi. Mimi nilifika darasa la saba, na ninajua kwamba "tema" bila mahali ni kama kumwambia mtu "weka" kisha ukaenda zako. Barua yenu inasema kulikuwa na ndoo nyeupe chini ya meza. Kwetu ndoo nyeupe ni ya maji ya kunywa. Mtu aliyelelewa na mimi hawezi kutema ndani ya maji ya kunywa, tena mbele ya wageni.

2. Kwetu pombe haitemwi ovyo. Ikishaingia kinywani ina njia mbili, ya tumbo au ya kifua cha mtu. Mzee huvuta kwa mrija, akaishikilia mdomoni, akasema maneno yake rohoni, kisha akampulizia mtoto kifuani ili asafiri salama, apate kazi, azae. Sasa Nafula aliagizwa kutema. Akatazama huku na huku, akaona mtu mmoja mwenye koti jeupe na kalamu mbili mfukoni. Ulitaka afanye nini? Ampite mkubwa akaibariki ndoo? Mwenyewe sijamuuliza, maana mama anayemjua mtoto wake haulizi.

3. Nimeulizia, na Bwana Ng'ang'a ni mtu wa Murang'a. Jirani yangu Mama Mukami ni wa huko huko, na ameniambia wazee wao pia hujitemea mate kifuani wakiomba baraka. Kwa hivyo asiseme alidhani ni kitu kingine. Nasikia aliruka nyuma akaita askari. Mtu akiruka wakati wa baraka, nusu yake huanguka sakafuni. Mama Mukami alipomaliza kucheka alikubaliana nami.

4. Majibu. Glasi ya kwanza Nafula aliandika kwamba kimea hakikukaushwa vizuri juani. Ya pili, kwamba maji ni ya kisima. Ya tatu aliiweka sikioni, wenzake wakacheka, naye akaandika imetolewa siku mbili kabla ya wakati wake. Zote tatu zina vema za wino mwekundu, na huo si wino wangu. Askari wenu wa lango, Patrobas, ambaye tunaimba naye kwaya na siku hiyo alikuwa akibeba viti, ameniambia kwamba wale wengine kumi na tisa waliandika "tamu" kuanzia juu mpaka chini. Bwana Meneja, hata mume wangu anaweza kuandika "tamu." Ya nne Nafula hakuandika kitu, kwa sababu hapo ndipo ibada ilipoanza.

5. Faida mmeshaila. Mashine yenu ya kufunga vizibo ilikuwa imegoma wiki mbili. Tangu Jumanne inafanya kazi. Mke wa Bwana Ng'ang'a alikuwa amerudi kwao tangu Krismasi. Alhamisi amekuja na masanduku yake yote, na Patrobas alimwona kwa macho akimletea mumewe chakula langoni. Sisemi ni sisi. Nasema tu kwamba Jumanne hutangulia Alhamisi.

6. Kwa hivyo kama kazi haipo, naomba baraka irudishwe kama ilivyokuwa. Mashine isimame. Habari ya mke sijui mtafanyaje, hilo ni la ofisi.

7. Lakini mimi si mtu wa kuvunja nyumba za watu. Nina shauri. Bwana Ng'ang'a alipata upande mmoja tu wa kifua, tena akiwa anaruka. Mtu aliyebarikiwa nusu ni kama kuku aliyechinjwa nusu, hujui atakimbilia wapi, na huyo mnamwachia funguo za kiwanda. Aje Kaloleni Jumamosi baada ya chakula cha mchana, na shati asiloliogopea, tummalizie upande wa pili. Wewe pia uje. Na wale wenye kampuni waje, kwa maana sioni sababu ya msimamizi kuwa na kifua bora kuliko wakubwa wake. Nimeshaomba viti kumi na viwili kanisani. Mhasibu akitaka kukaa nyuma hatutamlazimisha. Tukimaliza, Jumatatu Nafula avae koti lake jeupe aanze kazi, na hapo mtaajiri wengine mkitaka, wa kuosha glasi.

Nisalimie wote kiwandani, wa mapipa na wa chupa, na huyo mke wa Bwana Ng'ang'a, mwambie akae, asisikilize maneno. Patrobas usimsalimie, asijue nimemtaja.

Ni mimi ninayekuheshimu, angalau mpaka tarehe ishirini na tatu,

Perez Wekulo,
Mama Nafula.

Tanbihi. Kabla sijabandika bahasha Nafula amerudi kutoka Dandora, nami nimemsomea barua hii yote, nikikaza sauti penye nambari ya tano. Alisikiliza bila kucheka. Kisha akasema, "Mama, mimi sikuwa nabariki mtu. Ile ya nne ilikuwa mbaya, ikanitoka kabla sijaiona ndoo."

Nikamuuliza mbaya namna gani. Akatazama vidole vya miguu.

"Kama yako," akasema.

Bwana Meneja, mimi nimepika busaa ya matanga na ya harusi hapa Kaloleni kwa miaka kumi na tisa, bila leseni, na mstari huu ninaomba usifike kwa chifu. Wazee wameinywa wakaniimbia. Watu wametoka Makadara kwa miguu. Nilimuuliza mtoto huyu kwa nini hakuniambia, akasema sikuwahi kumuuliza, nilikuwa namwambia tu aseme asante. Akasema inaungua chini kidogo, kila mara, tangu niliponunua ile sufuria kubwa.

Nimekwenda jikoni peke yangu, nimefumba macho, nimeonja. Inaungua.

Kwa hivyo futa nambari ya kwanza mpaka ya saba. Viti nitavirudisha. Bwana Ng'ang'a hakubarikiwa, na mke wake alirudi kwa sababu zake mwenyewe. Lakini kaguaneni huko na mjue hiyo ya nne ilipikwa na nani, kwa maana kama hamjui, nanyi mnasifiwa bure kama mimi. Mtaa mzima umenidanganya kwa upendo miaka kumi na tisa, mume wangu akiwa mbele yao. Mmoja tu ameniambia ukweli, naye hana kazi.