Malalamiko Kuhusu Mdomo Ulioshonwa Vizuri Mno

Kwa Daktari Bingwa wa Upasuaji,
Chumba Namba Tisa, Ghorofa ya Pili.

Mheshimiwa Daktari,

YAH: MDOMO WANGU

Pokea salamu zangu, na shukrani nitakazozitengua hapa chini. Mimi ni yule karani wa masjala uliyemshona mdomo na kaakaa miezi saba iliyopita, vitu ambavyo vilikuwa vimepasuka tangu nizaliwe, miaka arobaini na tisa sasa. Ulishona vizuri. Mwalimu wa matamshi naye alinikalisha miezi mitano nikipuliza vipande vya karatasi juu ya meza, mpaka nikaanza kuzungumza kama watu. Hapo ndipo mambo yaliponiharibikia, nami nayaorodhesha.

1. Kazini. Kwa miaka ishirini na miwili dirisha langu halikuwa na foleni. Mtu akiuliza faili lake liko wapi, nilimjibu kwa sauti ya puani. Akiuliza tena, nilimjibu vilevile. Mara ya tatu aliona haya, akashukuru na kwenda zake. Mkuu wangu alinisifu vikaoni kwa kasi ya kuhudumia wananchi. Sasa wote wanaelewa kwamba nasema "sijui". Foleni inafika kwenye ngazi, na imenibidi niyatafute mafaili yenyewe.

2. Nyumbani. Mama mkwe hututembelea kila mwaka, nami nina tabia ya kunong'ona maneno mawili matatu ninapoketi naye mezani. Yeye alidhani ni dua, na kila mara aliitikia, "Amina, mwanangu." Mwezi uliopita nilinong'ona kama kawaida. Aliweka kikombe chini, akaniuliza kwa upole, "Kumbe miaka yote hii ulikuwa unauliza nitaondoka lini?" Daktari, chai ilinitokea puani, ingawa ulinihakikishia kwamba njia hiyo umeiziba.

3. Sura. Hili linaniuma zaidi. Tangu ujana nilifuga masharubu ya kuuficha mdomo, na kila nilipojitazama kwenye kioo nilijiambia kwamba kasoro ni hiyo tu. Isingekuwa mdomo, ningekuwa mtanashati, ningekuwa mkuu wa idara, ningekuwa hata mrefu. Mkaninyoa. Mkashona. Bandeji ilipotoka nilitazama, nikamkuta mtu wa kawaida mwenye masikio makubwa. Mdomo umepona na cheo ni kile kile. Mmeniondolea mtu wa kumlaumu, nami sasa nimebaki peke yangu.

4. Heshima. Kwa kuwa sikusema, ukoo mzima ulijua nina hekima. Waliniita Kimya. Kaka yangu mkubwa alizoea kuwaambia watoto kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Basi nilipopona, walinipa nafasi ya kwanza kusema katika kikao cha familia, na wote wakainama kusikiliza. Nilisema kwa dakika kumi na mbili. Shangazi alisinzia. Kaka alinishika bega baadaye, akaniambia nisijali, si lazima kila mtu awe msemaji. Jina la Kimya limefutwa, na jipya silitaji kwa sababu linahusu kasuku.

Kwa hiyo, kwa heshima na taadhima, naomba mambo mawili. Kwanza, unifumue. Fundi cherehani wa mtaani kwetu ananiambia kufumua ni kazi ndogo kuliko kushona. Pili, ule upasuaji wa kuninyoosha pua, uliopangwa tarehe kumi na nne, ufutwe kabisa. Kama mdomo peke yake umeniletea haya, sithubutu kufikiria pua itaniletea nini. Ikikupendeza, bandika na tangazo mlangoni pako kuwaonya wengine kwamba hapo hutibiwa mdomo tu, na mengine yote mgonjwa atarudi nayo nyumbani.

Wasalimie wauguzi wa wodi, msalimie mwalimu wa matamshi na karatasi zake, na yule dereva wa lori aliyelala kitanda cha pili, akija kliniki. Mwambie namwombea mkono wake upone, lakini usipone sana.

Ni mimi niliyekuwa mgonjwa wako,
Karani, Dirisha Namba Tatu.

Tanbihi: Nilipomaliza kuandika nilitaka bahasha, nikamwita mke wangu aliyekuwa jikoni. Tangu tuoane nimemwita "wewe", na baadaye "mama watoto", kwa sababu jina lake lilikuwa likinitoka puani limevunjika, na nilimpenda mno hata nisithubutu kumwita hivyo. Leo limetoka zima, hata mimi nilishtuka. Alikuja na mwiko mkononi, akasimama mlangoni. "Niite tena," akasema. Nimemwita mara nne, na bado hajarudi jikoni. Daktari, tafadhali, kitanda changu cha tarehe kumi na nne asipewe mtu mwingine.